Je, wajua kwa nini boti ya mpira haizami hata ikijaa maji? Na ya kufaa Mtwara ingekuwaje?

Tuseme boti imetoka Mtwara mjini inaelekea Msimbati. Ni mwezi wa saba, kusi inavuma, na wimbi moja limepanda juu ya omo, yaani sehemu ya mbele, na kumwaga maji hadi kwenye magoti ya abiria. Kama ni boti ya fiba isiyojazwa povu chini ya sakafu, yenye injini nzito nyuma, nahodha ana dakika chache tu. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inashuka, ikishuka inakaribisha maji zaidi, na omo inabaki inatazama mbinguni. Kama ni mashua ya mbao, haitazama moja kwa moja, lakini watu watashinda wanafua maji kwa upo na kumwomba Mungu.

Ile boti ya mpira yenye sakafu ngumu, wanayoitumia askari wa majini na wapiga mbizi, haina habari. Nahodha anaongeza moto, maji yanakimbilia nyuma na kutoka yenyewe kupitia matundu ya tezi, safari inaendelea. Kwa nini?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Chukua boti ya mita 5.5 iliyozungushiwa tyubu ya hewa yenye kipenyo cha sentimita 50. Tyubu hiyo ikipimwa kutoka tezi ya kushoto, kupita omo, hadi tezi ya kulia, inafika kama mita 12, na ndani yake mna zaidi kidogo ya mita za ujazo 2.3 za hewa. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo ili uizamishe tyubu yote lazima uikandamize kwa karibu kilo 2,400. Sasa jumlisha boti, injini, mafuta, watu sita na vifaa vyao: unapata kama kilo 1,300. Uzito huo hautoshi kuizamisha.

Na hewa yenyewe haimo katika chumba kimoja. Boti ya kadiri hii huwa na vyumba vitatu, vitano au zaidi, vimetenganishwa kwa kuta za kitambaa kilekile. Chumba kimoja kati ya vitano kikipasuka, umepoteza kama kilo 480 za nguvu ya kuelea, na umebakiwa na 1,900. Boti italala upande kidogo, itakwenda polepole, lakini itafika.

Jibu la pili ndilo linalonivutia zaidi, maana watu wengi wanafikiri tyubu ndizo zinazoibeba boti muda wote. Sivyo. Boti ikiwa na kasi, sakafu yake ngumu inapanda juu ya maji na kuteleza, na tyubu zinabaki hewani, labda zinagusa kidogo kule nyuma. Hapo kazi yote ni ya sakafu, ambayo chini imechongwa kwa umbo la V, na V hiyo kwenye boti nzuri ina mwinuko wa nyuzi 20 hadi 25 hata kwenye tezi. Umbo hilo linakata wimbi badala ya kulipiga kofi. Shida ya V kali ni kwamba ukisimama inayumba, kila mtu akihamia upande mmoja chombo kinalala. Hapo ndipo tyubu zinapoingia kazini: boti ikianza tu kulala, tyubu ya upande ule inakaa majini na kugoma kwenda chini. Mvuvi wa ngalawa wa Mikindani hahitaji kufundishwa jambo hili. Vile vibao viwili vinavyoelea pembeni mwa ngalawa yake vinafanya kazi hiyohiyo: mtumbwi mwembamba unakwenda kasi kwa sababu ni mwembamba, na haupinduki kwa sababu kuna kitu pembeni kinachosubiri.

Wazo hili lilizaliwa shuleni. Atlantic College, iliyofunguliwa mwaka 1962 kwenye pwani ya kusini ya Wales, ilikuwa na mwalimu mkuu aliyeitwa Desmond Hoare, admirali mstaafu. Wanafunzi walikuwa wakisindikiza mashua zao za tanga kwa boti za mpira za kawaida, zenye sakafu ya kitambaa, na kila walipozikokota kwenye ufuko ule wa mawe, sakafu ziliisha. Wakaanza kugandisha ubao wa plaiwudi chini ili kuzuia mkwaruzo. Wakagundua kwamba boti sasa inakwenda vizuri zaidi, wakaendelea kubadilisha umbo la ule ubao mwaka baada ya mwaka. RNLI, taasisi ya waokoaji wa baharini ya Uingereza na Ireland, ikaingiza kazini boti ya aina hiyo mwaka 1972 na kuiita Atlantic 21, kwa heshima ya shule. Mwaka uliofuata Hoare akaikabidhi RNLI hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi huo, kwa bei ya pauni moja.

Angalia chanzo: ufuko, wala si mawimbi. Ndiyo maana ninaona kwamba tukikaa kuota boti bora ya Mtwara na Lindi, tusianze na kasi wala na idadi ya farasi kwenye injini. Tuanze na vitu viwili vitakavyoiua: jua na miamba.

Jua kwanza. Tyubu hujazwa hewa kwa mkandamizo mdogo tu, kama bar 0.24 (bar ni kipimo cha mkandamizo). Ukijaza alfajiri nyuzi joto zikiwa 25, kisha boti ikashinda juu ya mchanga mpaka tyubu zikafika nyuzi 55 (rangi nyeusi inafika huko bila taabu), mkandamizo unapanda hadi karibu bar 0.37, yaani nusu zaidi ya ulivyoweka. Gundi ya kwenye maungio haipendi jambo hilo. Kinyume chake kinasumbua vilevile: ukijaza saa sita mchana hadi kipimo kamili, halafu ukaishusha kwenye maji ya nyuzi 27, mkandamizo unaanguka hadi bar 0.13 hivi, tyubu zinakuwa laini, na ukipiga wimbi zinajikunja. Mtu atasema tyubu imetoboka, atatafuta tundu asilione. Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye boti yangu ya ndoto ni vali za kupumulia zinazoachia hewa yenyewe mkandamizo ukizidi, pamoja na pampu ya mguu iliyofungwa karibu na usukani, ili nahodha aongeze hewa baada ya boti kukaa majini dakika kadhaa. Kitu rahisi, na kinaokoa fedha nyingi. Rangi iwe kijivu cha kupauka.

Kitambaa nacho kina mambo. Kuna PVC, ambayo ni ya bei nafuu, na kuna mpira wa sintetiki uliozoeleka kwa jina la Hypalon, ambalo lilikuwa jina la biashara la kampuni ya DuPont. DuPont ilisimamisha uzalishaji wake karibu mwaka 2010, lakini mpira wa aina hiyo unaendelea kutengenezwa na wengine. Kwenye nchi za baridi unaweza kubishana upi bora. Kwenye jua la kusini hakuna ubishi: PVC ya kawaida inapoteza vilainishi vyake, inaanza kunata mkononi, kisha inakakamaa, na maungio yanaachia. Hypalon inavumilia jua na petroli kwa miaka mingi zaidi. Ukiuziwa boti ya mtumba, ipapase tyubu kwa kiganja upande wa juu ulioshinda juani. Ikinata, rudi nyumbani.

Miamba sasa. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, bahari ya kusini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na Ghuba ya Mnazi, ambayo pamoja na maingilio ya Mto Ruvuma imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, imejaa matumbawe. Boti uliyoiacha inaelea alfajiri, kabla ya adhuhuri unaikuta imekaa kavu juu ya mawe yenye chaza wanaokata kama wembe. Boti za anasa za Ulaya, ambazo hukaa gatini mwaka mzima, hazijengwi kwa maisha haya. Ya kwetu ingekuwa na mkuku (uti wa chini wa boti) uliovishwa utepe mnene wa plastiki ngumu au wa chuma kisichoshika kutu, uliofungwa kwa skrubu ili fundi aubadilishe ukiisha. Tyubu zingepachikwa juu kidogo ya usawa wa kawaida, ili boti ikilalia mchanga zisiguse chini, na chini ya tyubu kuwe na vipande vya ziada vya mpira mahali pa kusugulia.

Nimesikia watu wakipendekeza sakafu ya aluminiamu. Ni nzuri kweli, unaiburuza popote. Lakini kuchomelea aluminiamu ya baharini ni kazi ya fundi maalumu mwenye mashine maalumu, wakati mafundi wa fiba wapo pwani yote, na wengi wanajua kazi. Mimi ningechagua fiba, ikiwa nene mara mbili chini.

Vipi kuhusu injini ya mkondo wa maji, ile isiyo na pangaboi (feni ya kusukuma maji) la nje? Kwa wapiga mbizi na kwa nyangumi wanaopita pwani hii miezi ya kusi ingekuwa salama zaidi, na ingepita maji ya magoti. Lakini inafyonza kila kitu kilichopo chini: mchanga, mifuko ya plastiki, majani ya bahari. Ukiingia nayo kwenye maji mafupi ya nyasi, baada ya muda mfupi unasimama na kupiga mbizi kuchokonoa. Hapana. Injini ya kawaida ya nje, yenye kizimba kuzunguka pangaboi, na injini ndogo ya akiba pembeni yake.

Na ya umeme? Ndoto tamu, hasa ukitazama bei ya petroli. Tatizo ni uzito. Boti ya mita 5.5 ikiteleza kwa kasi ya kilomita 35 hadi 40 kwa saa inakula kama kilowati 30. Betri za lithiamu za kilo 100 hubeba kilowati-saa 15 hadi 20. Umepata nusu saa, labda dakika 40 bahari ikiwa imetulia, kisha unaita msaada. Kilo 100 hizohizo za petroli ni lita 135 hivi, na hata injini ikipoteza robo tatu ya nguvu kama joto, bado unatembea siku nzima. Kwa kuvusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda, mwendo mfupi kwenye ghuba, umeme unaweza kufaa hata leo. Kwa kwenda kutafuta watu usiku nje ya Songo Songo, bado.

Kuna vitu viwili ambavyo singekubali boti ivikose. Kimoja ni kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye mguu au mkono wa nahodha. Nahodha akirushwa baharini na kamba haipo, usukani unajipinda, boti inazunguka duara na kurudi palepale alipo, pangaboi likiwa linakata. Kamba ya bei ndogo kabisa inazuia hilo, na bado utaiona imening'inizwa kwenye kioo kama pambo. Cha pili ni mfuko wa kuinulia: boti za uokoaji za aina ya Atlantic zina fremu nyuma yenye mfuko uliokunjwa. Boti ikipinduka, mhudumu anavuta kamba, mfuko unajaa gesi, na boti inageuka yenyewe. Pwani ambayo imeguswa na Kimbunga Kenneth mwaka 2019 na Hidaya mwaka 2024 inastahili mfuko huo angalau kwenye boti zake za uokoaji.

Viti viwe vya kupanda kwa kutanua miguu, vyenye springi. Mgongo wa mtu haukuumbwa kupigwa na bahari ya kusi kwa saa mbili.

Msomaji wa Kilwa Masoko huenda ameshaanza kuuliza: mbona wavuvi hawazitumii? Kwa sababu haziwafai, na wako sahihi. Boti yenye upana wa mita 2.4 kwa nje, ukitoa tyubu mbili za nusu mita, inabakiwa na mita 1.4 ya kuweka matenga, barafu na nyavu. Kisha fikiria ndoana, visu, na miiba ya hongwe vinavyotembezwa juu ya mpira kila usiku. Ipo aina ambayo tyubu zake hazina hewa, zimejazwa povu gumu, na hizo hata ukizichoma hazinywei. Ni nzito zaidi, lakini kwa doria na uokoaji ningependa mkanda wa povu upande wa nje na hewa ndani, kila kipande kikiingizwa kwenye reli ili kitolewe na kupelekwa kwa fundi bila kuburuta boti nzima.

Na hapo kwa fundi ndipo kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Kiraka cha Hypalon hubandikwa kwa gundi ya sehemu mbili, na maelekezo ya kawaida yanataka hewa kavu, unyevu usizidi asilimia 60 hivi, vinginevyo ukungu mwembamba unakaa juu ya gundi kabla hujakutanisha pande mbili, na kiraka kinabanduka baada ya wiki. Pwani ya Mtwara wakati wa masika, siku ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo kwenye bajeti ya boti yangu, kabla ya redio na kabla ya rada, nimeweka chumba kimoja kidogo nchi kavu, chenye mlango unaofungika vizuri, meza ndefu na kiyoyozi.