Tageti haikati mshahara: kwa maafisa mauzo wanaoanza kazi Mbeya na Iringa

Malalamiko ya vijana wa mauzo yanafanana: mwezi umeisha, mshahara umekatwa. Ama tageti, yaani lengo la mauzo, haikufikiwa, ama mwenye duka Mwanjelwa kachukua mzigo kwa mkopo akatoweka. Haya ni mambo mawili tofauti.

Kukosa tageti si hasara. Kunaweza kukunyima kamisheni, mkataba ukisema hivyo, lakini mshahara wa msingi mliokubaliana haukatwi kwa sababu hiyo.

Upotevu wa mali unashughulikiwa na kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako; mwajiri akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake; akupe nafasi ya kupinga; nawe ukubali kwa maandishi. Makato hayo yasizidi hasara halisi wala robo ya ujira wako wa fedha: kwa Sh 400,000, mwisho ni Sh 100,000. Michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi ni hesabu nyingine.

Neno zito hapo ni kosa. Mkopo ulioidhinishwa na meneja si kosa lako. Uliotoa kimyakimya, utajieleza. Basi tunza ujumbe wa idhini, na usisaini hati ya kupokea mzigo kabla ya kuhesabu katoni mbele ya mtunza ghala. Wengi husaini alfajiri gari la Tunduma likiwa tayari linanguruma, halafu wanashangaa.

Na tuache kusema "nalipwa kamisheni tu, sina mkataba, sina haki." Anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwajiri asiyeweza kuonyesha masharti ya kazi kwa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Mkishindwa kuelewana, chukua fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), Mbeya au Iringa. Ijaze, isaini, mpelekee mwajiri nakala, apokee kwa saini au muhuri, ndipo uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Kuileta bila uthibitisho ni kujirudisha nyuma mwenyewe, si urasimu wa ofisi. Mgogoro wa makato uwasilishwe ndani ya siku 60 tangu ulipoanza. Wa kuachishwa kazi, siku 30. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na "nilimsubiri bosi arudi kutoka Dar" si sababu ya kuitegemea.