Herb sio logo, na gryf peke yake sio herb

Jamani hii ni mara ya nne sijui ya tano namsikia mtu akisema "logo ya mkoa wa Pomorskie", kule Poland, "ni gryf", na wa leo kaongezea kwamba eti Szczecin, mji wa mkoa jirani, "wamekopi wakabadili rangi tu". Hapo ndo nimeona bora niandike.

Fasta fasta: gryf ni yule mnyama wa hadithi, mbele tai nyuma simba. Herb ni ngao nzima, yaani uwanja wake, mnyama aliyemo na rangi zote kwa pamoja. Maana ndo hiyo, imeisha.

Sasa neno lenyewe. Herb (wanatamka kama kherp, na haihusiani na mitishamba) Wapolandi wamelipata kwa Wacheki, Wacheki kwa Wajerumani, na kwa Wajerumani Erbe ni urithi. Urithi! Kitu ulichoachiwa, sio ulichomwagiza dizaina akuletee kwa imeili, na ndo maana herb inakaa kwenye maneno kabla haijawa picha: ngao ya dhahabu, gryf mweusi kasimama kwa miguu ya nyuma. Wape wachoraji kumi maneno hayo watakuletea magryf kumi, mmoja kanenepa, mwingine kama kuku kanyeshewa, na zote ni herb ileile. Logo ukiigusa hata kidogo kampuni inakuja juu. Tena huyo gryf anaangalia kulia, ila wewe ukimtazama utaapa ni kushoto, kwa sababu kulia inahesabiwa kwa aliyeshika ngao, na yeye yuko nyuma yake.

Halafu kuna godło, hapa ndo huwa napandisha presha. Godło ni ile alama iliyochorwa kwenye uso wa ngao, yaani mnyama mwenyewe bila ngao yake. Wapolandi nao wanachanganya, mpaka katiba yao ya 1997, kifungu cha 28, inamtaja tai mweupe mwenye taji kwenye uwanja mwekundu halafu inasema hiyo ni godło, wakati ukishataja na uwanja wake, kwa watu wa ngao hiyo ni herb tayari. (Godło pia ni lile jina la bandia unaloandika kwenye bahasha ukishiriki mashindano, sasa hebu fikiria.)

Mnaodhani ni ubishi wa maneno tu, angalieni hii mikoa miwili jirani. Pomorskie, kwenye Gdańsk, ni gryf mweusi kwenye dhahabu. Zachodniopomorskie, kwenye Szczecin, ni gryf mwekundu kwenye nyeupe, mdomo na kucha za dhahabu. Mnyama mmoja, herb mbili. Ule mwekundu ni wa ukoo wa Gryfici, watawala wa Szczecin mpaka Bogusław XIV alipofariki 1637 bila mtoto utawala wao ukaishia hapo, na kwenye ngao yao kubwa walijaza magryf ya kila namna, kila moja na ardhi yake: kuna mwenye mistari myekundu na kijani, kuna mmoja nusu samaki kabisa, na kuna mweusi kwenye dhahabu ambaye ni wa Wakashubi, watu wa asili wa upande wa Gdańsk, haohao ambao mpaka leo bendera yao ni nyeusi na dhahabu. Hata ng'ambo ya mpaka, Wajerumani wa Mecklenburg-Vorpommern wana gryf mwekundu kwenye ngao yao maana sehemu ya ardhi ile iliangukia kwao.

Kwa hiyo ndugu yangu wa leo mchana, Szczecin hawajakopi kwa mtu, wale ni watoto wa nyumba moja waliogawana vitu vya mzee. Sema herb ya Pomorskie, na mnyama mwite gryf. Ukisema nembo pia sikatai, kwanza zamani nembo zilikuwa zile chale za mwilini za kuonyesha wewe ni wa kina nani, kwa hiyo uko karibu kuliko unavyodhani. Logo waachie wenye makampuni.