Je, wajua kwamba weusi wa mtutu wa bunduki ni kutu?

Mtutu wa bunduki ya zamani iliyotunzwa vizuri huwa na weusi unaoelekea samawati, laini na wenye mng'ao wa ganda la bilinganya, na karibu kila anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni rangi iliyopakwa kiwandani. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilipopewa kazi ya kusafisha bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, ambayo mjomba wangu aliimiliki kwa leseni, niliona doa la kutu lenye ukubwa wa kucha karibu na mdomo wa mtutu, nikakata ndimu na kulisugua kama tunavyosugua vyombo vya shaba nyumbani. Doa liliondoka, lakini weusi uliolizunguka uliondoka pamoja nalo, na kikabaki chuma cheupe kinachong'aa. Nilimwambia mjomba kwamba rangi imebanduka na kwamba tutafute kopo la rangi nyeusi tuirudishie.

Kosa langu halikuwa katika ndimu peke yake. Rangi ya mafuta iliyokauka haisumbuliwi na maji ya ndimu kwa dakika chache, ilhali oksaidi za chuma huyeyuka katika asidi. Ndimu haikuweza kutofautisha doa jekundu na weusi uliolizunguka kwa sababu vyote viwili ni kutu: vyote ni chuma kilichoungana na oksijeni, ingawa kwa mpangilio tofauti. Ndiyo maana dawa nyingi za asidi za kuondoa kutu zinazouzwa madukani, hata zile zinazofanya kazi nzuri kwenye panga au jembe, huuvua mtutu weusi wake. Aliyezoea kufikiri kwamba kutu ni adui wa chuma hupata shida kukubali kwamba kwa zaidi ya karne moja mafundi wamekuwa wakikitia chuma kutu kwa makusudi ili kukipunguzia kutu.

Desturi hiyo ilianza na kutu ya kawaida kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Uingereza, ambalo awali lilitaka mitutu ya magobore yake ing'arishwe kama fedha, lilianza kuiacha ishike kutu laini ya hudhurungi ambayo baadaye ilipakwa mafuta. Weusi ulishika nafasi hiyo baadaye.

Tofauti kati ya kutu mbili hizi inastahili kuelezwa taratibu. Kutu nyekundu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na maji hayo hubaki ndani ya kutu yenyewe. Kwa hiyo kutu huvimba, ikichukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kisha hupasuka, humeguka na kuacha nyufa zinazopitisha unyevu hadi kwenye chuma kipya kilicho chini. Kutu nyeusi, inayoitwa magnetaiti, haina maji ndani yake. Ni madini yaleyale yanayopatikana katika mchanga mweusi ambao watoto huuokota kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu.

Fikiria sufuria ya wali. Wali wa juu umevimba kwa maji, umelegea, na mwiko ukiugusa unatoka. Ukoko ulio chini umetokana na mchele uleule na maji yaleyale, lakini joto limeufukuza unyevu na kuubana kwenye sufuria hata huwezi kuutoa bila kuukwangua. Fundi wa mtindo wa zamani hufanya jambo linalofanana na hilo. Husafisha mtutu hadi usibaki na mafuta hata ya kidole, huupaka maji yenye asidi kidogo, kisha huuacha mahali penye unyevunyevu kwa saa kadhaa hadi uote kutu nyekundu nyembamba kama vumbi la mahameli. Baada ya hapo huuchemsha katika maji safi. Kutu ile hugeuka kutoka nyekundu hadi nyeusi huku ukiitazama, na kwangu mimi hakuna hatua ya kupendeza zaidi katika kazi yote hii. Fundi husugua unga uliolegea kwa nyuzi laini za chuma, akiacha ule tu ulioshikamana na mtutu, kisha huanza upya, na hurudia mara nyingi hadi weusi ukolee. Viwanda vilipata njia ya haraka, nayo ni kuchovya chuma katika maji ya kostiki soda na chumvi za naitreti yanayochemka kwenye nyuzi joto zipatazo 140 za Selsiasi. Njia hiyo inamaliza kazi kwa chini ya saa moja, lakini haifai kwa mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, kwa sababu kostiki hula kiungo hicho.

Mfano wa ukoko una mpaka wake. Ukoko ni mnene, ilhali weusi wa mtutu una unene wa takriban mikroni moja, na unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo makumi ya mara. Tena una vitundu vidogo sana visivyoonekana. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, kwa kudhani kwamba weusi wenyewe ndio unaozuia kutu. Ukikaa mkavu bila mafuta, kinga yake ni ndogo sana, hasa kwenye hewa ya pwani yenye chumvi. Kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta, kama chungu kisichong'arishwa kinavyonyonya na kuhifadhi mafuta kuliko sahani ya kaure.

Kwa hiyo mkwaruzo hautibiwi kwa rangi ya kopo. Baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, doa jepesi la kutu nyekundu husuguliwa polepole kwa mafuta na nyuzi laini kabisa za chuma, kwani kutu nyekundu imelegea kuliko nyeusi na hutangulia kutoka. Palipobaki peupe hupakwa dawa ya baridi yenye seleniamu na shaba. Wauzaji wake huahidi kwamba itarudisha hali ya awali, na ahadi hiyo ipokewe kwa tahadhari: dawa hiyo haitengenezi magnetaiti, bali huacha utando mweusi wa kemikali nyingine ambao hukwanguka upesi. Seleniamu ni sumu, hivyo glovu na mahali penye hewa ni lazima. Dawa isiposuuzwa vizuri, asidi yake huanzisha kutu mpya palepale ilipopakwa.

Baada ya hapo kinachobaki ni kitambaa chenye mafuta kila mtutu unaposhikwa, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi inayoweza kuacha alama ya kutu kwa siku moja tu. Ala ya ngozi itumike safarini, isiwe mahali pa kuhifadhia, maana ngozi hunyonya unyevu na huwa na mabaki ya dawa za kuilainishia.

Bunduki ya mjomba ilipakwa dawa ya baridi. Ukiinamisha mtutu kwenye mwanga wa dirisha, sehemu niliyoisugua kwa ndimu inaonekana ya kijivu kidogo pembeni ya samawati iliyouzunguka mtutu wote, na hufutwa kwa mafuta mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.