EDID ni nini, na kwa nini rezolusheni ya kompyuta yako ya mtumba haikai

Umechukua desktop used, zile Dell Optiplex au HP Compaq zilizotolewa maofisini Ulaya, umeiunganisha na monita kwa waya wa VGA, kila kitu kinafanya kazi ila maandishi ni makubwa na yamevutika pembeni. Unaingia kwenye display settings, unaweka rezolusheni (idadi ya nukta za picha kwa upana na urefu) inayotakiwa, unabonyeza Keep changes, kioo kinatulia safi kabisa, kesho ukiwasha imerudi 1024 kwa 768. Wengi wakifika hapo wanaambiwa wapige Windows upya, na hili linaniuma kwa sababu mtu anatoa hela, anapoteza na mafaili yake, wakati mara nyingi tatizo liko kwenye waya.

EDID ni kitambulisho cha monita. Utaratibu wake ulitolewa na VESA, chama kinachoweka viwango vya monita na kadi za picha, mwaka 1994, na karibu kila monita iliyotoka baadaye ina kachipu kadogo ndani kamebeba taarifa zake, sehemu yake ya msingi ni baiti 128 tu: herufi tatu za kampuni iliyoitengeneza, namba ya modeli, mwaka ilipotengenezwa, upana na urefu wa kioo kwa sentimita, na rezolusheni inayokifaa zaidi kioo hicho. Ukiwasha mashine, kadi ya display inasoma hizo taarifa kupitia waya uleule wa picha, ndo maana Windows haijawahi kukuuliza kioo chako ni cha aina gani.

Sasa shida inaanzia hapa. Windows haiweki rezolusheni moja kwa ajili ya kompyuta nzima, inaiweka kwenye rejista (ghala la setting za Windows) kwa jina la monita, yaani Samsung ina rekodi yake na Dell ina yake, na EDID isiposomeka inafungua rekodi nyingine kabisa ambayo jina lake linaanza na NOEDID. Kwa hiyo ile setting ya jana imeseviwa na bado ipo humo ndani, ila leo mashine haijaitambua monita yako, imeichukulia kama monita nyingine, ikaipa rezolusheni ya kubahatisha.

Na kwa nini jana isomeke leo isisomeke? Plagi ya VGA ina pini 15, mistari mitatu ya pini tano tano. Rangi za picha zinapita kwenye pini 1, 2 na 3, lakini EDID inapita kwenye pini 12 na 15. Shika plagi ikutazame, upande mpana ukiwa juu, hizo mbili ziko mstari wa chini, ya pili kutoka kushoto na ya mwisho kulia. Ikipinda moja au ikalegea, picha inaendelea kuja vizuri tu, sa utajuaje kama waya ni mbovu? Waya wa bei rahisi ndo balaa zaidi, pini unaiona ipo kumbe ndani hakuna uzi wowote uliounganishwa. Pini 9 ikikosekana usishtuke, waya nyingi zimetoka kiwandani bila hiyo. Viunganishi vya kurefusha waya na vile vya kugawa picha kwenye monita mbili navyo vinaikatakata sana EDID, vitoe kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Kuhakikisha ni rahisi, fungua Device Manager uangalie sehemu ya Monitors. Ukikuta Generic PnP Monitor au jina halisi la kioo chako basi EDID imesomeka, ukikuta Generic Non-PnP Monitor haijasomeka, badilisha waya. Ukishuka kwenye Display adapters ukakuta Microsoft Basic Display Adapter hiyo ni habari nyingine, draiva ya kadi, ile programu inayoiendesha, haipo, itafute kwanza. Na kama kila kitu kinajirudisha, hadi picha ya nyuma na mafaili uliyoweka desktop, cheki pembeni ya saa kama kuna kialama cha dubu, hiyo ni Deep Freeze iliyoachwa na wenye mashine wa zamani, inafuta mabadiliko yote kila ukizima. Betri ya CMOS watu wanaisingizia sana, ila ile inatunza saa na setting za BIOS (programu ya kuwashia mashine kabla ya Windows), rezolusheni ya Windows iko kwenye diski.

Kama monita na kompyuta zina tundu la DVI, aina nyingine ya waya wa picha, tumia hiyo maana nayo inabeba EDID. Kama huna namna zaidi ya waya huohuo, tafuta faili la INF la modeli yako kwenye tovuti ya waliotengeneza monita, uliweke kupitia Device Manager kama draiva, hapo Windows inajua uwezo wa kioo bila kukiuliza. Ukichagua rezolusheni kwa mkono weka 60 hertz, na kioo kikiandika Out of range usibonyeze chochote, subiri sekunde 15 Windows itairudisha ya mwanzo yenyewe.