Vuli si msimu wa majani kupukutika: dhana potofu kuhusu majira katika maktaba ya shule ya msingi

Mwanzoni mwa Novemba mwaka mmoja niliwapa watoto wa darasa la tatu karatasi na rangi, nikawaambia wachore vuli. Nje manyunyu yalikuwa yanapiga bati, na mwembe wa shule ulikuwa umesheheni embe changa. Wengi walichora majani mekundu yakidondoka kutoka kwenye mti uliobaki matawi matupu. Mmoja akaongeza mtu wa theluji. Picha hizo walizitoa kwenye vitabu vya msaada vilivyojaa rafu zetu, wala sikuwalaumu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika pembeni mambo tunayoyaamini kuhusu majira na maktaba, sisi walimu tukiwemo, ambayo si kweli.

“Mwaka una majira manne.”

Unayo manne London na Chicago. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, kwa hiyo nchi zilizo mbali na Ikweta hupata miezi ya jua jingi na miezi ya jua haba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta. Kwetu, siku iliyo ndefu kuliko zote haiizidi iliyo fupi hata kwa saa nzima. London tofauti hiyo hupita saa 8.

Mwaka wetu hugawanywa na mvua na upepo. Ukanda wa mvua hulifuata jua linapokwenda kusini na linaporudi kaskazini, ukatupitia mara mbili: vuli kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei. Baada ya vuli huja kiangazi cha Januari na Februari, joto likifika nyuzijoto 32. Baada ya masika huja kipupwe, Juni hadi Agosti, watoto wanapofika shuleni na masweta. Upepo nao hugeuka: kaskazi ikivuma, majahazi yalikuja kutoka Uarabuni, na kusi ikishika yakarudi. Tumefunga utepe wa kitambaa kwenye nondo ya dirisha la maktaba, na kila Jumatatu mtoto mmoja huandika unaelekea wapi. Somo hili halina gharama yoyote, na naliona bora kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Tatizo limeingia mpaka kwenye tafsiri. Kitabu cha Ulaya kinasema Julai ni kiangazi, mtoto anasoma huku anatetemeka. Kinaita vuli msimu ambao miti hukauka, wakati vuli yetu ndiyo inayoamsha majani na kuirembesha mikrismasi ya barabarani kwa maua mekundu. Vitabu hivyo sivitupi. Nimevibandika karatasi kwenye jalada, “Majira ya kwao”, na ramani ndogo ndani yenye alama ya mji husika. Mtoto wa Temeke ana haki ya kuijua theluji, mradi ajue inaanguka wapi.

“Joto linazidi kwa sababu jua limetukaribia.”

Hii ni ngumu kuing'oa Dar, kwa sababu kwetu inaonekana kama kweli. Dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mapema Julai, kilomita milioni 152. Januari kwetu ni moto, Julai kuna ubaridi. Mtoto atakwambia, “Mwalimu, si umeona!” Hapo namfungulia kitabu cha majira ya kwao, aone Januari hiyohiyo watu wa London wamejifunika makoti. Dunia ni moja, umbali ni mmoja, ila wao wanaganda. Basi si umbali. Ni jinsi miale inavyotua.

Ili walione kwa macho, simika ufito uwanjani. Mwanzoni mwa Machi, yapata saa sita na nusu mchana, jua la Dar huwa utosini na kivuli hupotea chini ya ufito. Hupotea tena kama tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba kivuli cha mchana huelekea kusini, miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Watoto huweka alama kwa chaki, kisha hukimbilia ndani kutafuta kitabu kitakachowaeleza kwa nini. Hamu ya aina hiyo huwezi kuiamrisha.

“Hayo ni ya kipindi cha sayansi, maktaba ni ya kusomea hadithi.”

Embe zikianza kuiva Novemba, mimi hutoa swali moja: embe liko wapi maktabani? Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, matunda yako 634, mapishi 641.5, ngano 398.2, hali ya hewa 551.6. Darasa la tano hugawanyika makundi na kuzunguka rafu zote kwa ajili ya tunda moja. Wakimaliza wameshajua maktaba imepangwaje bila mimi kuwahutubia.

“Masika ikianza, funga maktaba, vitabu visiharibike.”

Kufunga ndiko kunakoharibu. Katika shule moja niliyofundisha zamani tulifunga mlango Aprili, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote jijini, na rafu zilikuwa zimegusa ukuta. Tulipofungua, koga ilikuwa imetanda mpaka kwenye kurasa za ndani, na vitabu vingine tulivichoma. Niliumia sana. Koga hupenda unyevu na hewa iliyotulia. Sogeza rafu mbali na ukuta, usibane vitabu, fungua madirisha mvua ikikatika. Kitabu kilicholowa kisimamishe kivulini, kurasa zikiwa wazi, na karatasi nyeupe katikati za kunyonya maji, juani hupinda.

“Maktabani ni kimya.” Wakati wa kusoma, ndiyo. Wakati wa kuimba nyimbo za mvua, hapana.

“Bango la Ramadhani lina mwezi wake kwenye kalenda ya ukutani.”

Halina. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda hiyo kwa siku 11 hivi, ndiyo maana Ramadhani ya 2022 ilianza mapema Aprili na ya 2025 mapema Machi. Usilipigilie misumari.

“Wazee hawana la kuchangia.”

Waswahili wa pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, unaoanza Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, bado husherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Uligawanywa kwa siku kumi kumi ziitwazo miongo, na wavuvi na wakulima walihesabu kazi zao kwa hiyo. Niliwatuma watoto wakaulize nyumbani. Mmoja alirudi na babu yake, mvuvi wa Kigamboni. Tulimpa shikamoo, akaketi kwenye kiti kidogo cha darasa la kwanza, akautazama utepe wetu dirishani na kusema, “Kusi hiyo, wajukuu. Bado changa.” Watoto wakafungua daftari.