Karanti, stroberi na wenzao: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Karanti ni zile zabibu kavu ndogo za kwenye keki."

Sivyo, ingawa kosa hili lina chanzo chake. Zile punje nyeusi za kwenye keki ni zabibu kweli, aina ndogo isiyo na mbegu, zikakaushwa. Jina lao limetokana na Korintho, mji wa Ugiriki. Baadaye Waingereza walipoviona vichaka vyenye vishada vya matunda madogo yanayofanana nazo, wakavipa jina lilelile. Karanti ya bustanini ni ya jenasi ya Ribes, na mzabibu si nduguye wa karibu. Kwa hiyo anayeipanda akitazamia zabibu ataambulia tunda kali, chachu, linalofaa jemu na sharubati kuliko kutafunwa hivihivi. Mimi nalipenda, lakini najua wengi hukunja uso.

"Kupogoa ni kupogoa, vichaka vyote hukatwa namna moja."

Hapa ndipo mavuno mengi hupotelea. Kabla ya kushika mkasi, jiulize kwanza: tunda la mmea huu hutoka kwenye tawi la umri gani?

Karanti nyeusi huzaa vizuri zaidi kwenye matawi yaliyochipua mwaka uliotangulia. Kichaka kikishakomaa, kila mwaka huondolewa kama theluthi ya matawi yake, yale manene na makongwe, yakikatwa karibu kabisa na ardhi ili mapya yachomoze. Ndiyo maana pia mche wake hufukiwa kama sentimita 5 zaidi ya kina ulichokuwa nacho kitaluni, kwa sababu sehemu ya shina iliyozikwa nayo hutoa machipukizi.

Karanti nyekundu na nyeupe, licha ya undugu wao na nyeusi, zina tabia nyingine. Hizo huzaa kwenye vijitawi vifupi vilivyoota juu ya matawi ya zamani, hivyo ukizikata kama nyeusi umekata na mavuno. Ziachie matawi machache ya kudumu juu ya shina moja fupi, kisha fupisha vichipukizi vya pembeni tu.

Rasiberi ina mambo yake. Mizizi hudumu miaka mingi, lakini kila shina huishi miaka 2. Katika aina zinazozaa kiangazi, shina hutoa majani mwaka wa kwanza, huzaa mwaka wa pili, kisha hufa. Lililozaa ndilo la kukatwa, jipya linaachwa. Anayefyeka shamba lote wakati wa baridi hupata majani matupu msimu unaofuata, halafu anailaumu mbolea. Ila zipo aina zinazozaa mwishoni mwa msimu kwenye shina la mwaka huohuo, na hizo kweli waweza kuzifyeka zote hadi chini baridi inapokaribia kwisha. Ukipewa mche, uliza ni wa aina gani. Kama mwenye kukupa hajui, usikate kitu mwaka wa kwanza, tazama tu.

"Likishakolea rangi, limeiva."

Bluberi hugeuka samawati siku kadhaa kabla ya utamu wake kutimia. Geuza tunda utazame penye kikonyo: pakiwa na wekundu, liache. Lililoiva huanguka kiganjani ukilisukuma kidogo kwa kidole gumba. Blakiberi nyeusi yenye kung'aa sana mara nyingi bado ni chachu, hivyo ingoje ififie mng'ao. Rasiberi ikiiva huchomoka yenyewe na kukiacha kitovu chake mmeani, ndipo unapopata lile tundu la katikati. Ukilazimika kuivuta, umewahi. Karanti nyekundu vuna kishada kizima, kisha chambua punje kwa uma ukiwa umekaa.

Na stroberi? Ukiichuma ikiwa nusu nyeupe, itaendelea kuwa nyekundu na laini ndani ya bakuli, lakini sukari haitaongezeka. Haifanani na ndizi, ambayo huendelea kuiva hata baada ya kukatwa.

"Bluberi inataka udongo chachu, basi imwagie makapi ya kahawa."

Nusu ya kwanza ni kweli tupu: bluberi hustawi penye pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu huzidi) ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na udongo wa kawaida huifanya igeuke manjano na kudumaa. Lakini uchachu wa kahawa mwingi huishia kikombeni. Makapi yanayobaki mara nyingi hayako mbali na hali ya kati, na hayatoshi kuugeuza udongo. Sindano za misonobari zinasifiwa vivyo hivyo, nazo ni matandazo mazuri tu. Kinachoshusha pH ni salfa, tena taratibu, kwa miezi, kwa kuwa bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza kuwa asidi. Udongo wako ukiwa wa chokaa, usishindane nao. Panda bluberi kwenye chungu kikubwa chenye mchanganyiko wa udongo chachu, unyweshe maji ya mvua.

"Kupanda karanti ni kosa la jinai Marekani."

Yalikuwa na ukweli zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 vichaka hivi vilipigwa marufuku kwa sababu huhifadhi kuvu wa kutu anayeua misonobari myeupe yenye thamani ya mbao. Marufuku ya serikali kuu iliondolewa 1966, na New York ililegeza sheria yake 2003. Baadhi ya majimbo bado yana masharti, kwa hiyo huko mtu huuliza kwanza.

Mengine ni mafupi. Stroberi haizai vizuri milele: baada ya miaka 3 au 4 anza upya kwa miche inayoota kwenye nyuzi zake zinazotambaa. Mbolea nyingi ya nitrojeni huleta majani mazito na matunda machache. Na tabia ya kuosha matunda mara yanapoingia jikoni, ili yakae safi, ndiyo inayoyaozesha, kwa maana ukungu wa kijivu hupenda unyevu. Yaweke makavu kwenye jokofu, kwa tabaka moja, uoshe yale tu unayokwenda kuyala sasa hivi.