Waya wa Spika na Taswira ya Stereo: Dhana Potofu na Ukweli

Msikilizaji aliyekaa mbele ya spika mbili zilizopangwa vizuri humsikia mwimbaji katikati, mahali ambapo hapana spika yoyote. Taswira hiyo, ambayo mhandisi Alan Blumlein wa kampuni ya EMI nchini Uingereza aliiombea hataza mwaka 1931, huundwa na ubongo unapolinganisha sauti inayofika sikio la kushoto na ile inayofika la kulia. Kwa kuwa haionekani wala haishikiki, imezushiwa mengi, na mengi ya hayo yanahusu waya.

Dhana: Waya wa bei kubwa hupanua jukwaa la sauti, yaani eneo ambamo waimbaji na ala husikika zimepangwa mbele ya msikilizaji.

Ukweli: Ubongo hutambua upande inakotoka sauti hasa kwa tofauti ya wakati na tofauti ya ukubwa wa sauti baina ya masikio mawili. Kila spika ina waya wake, na waya wa kushoto haujui kinachopita katika waya wa kulia. Kwa hiyo, ili mwimbaji ahame kutoka mahali pake, ni lazima waya mmoja ufanye jambo ambalo mwenzake haufanyi. Waya mbili za aina moja, ziwe za bei rahisi au za bei ya kutisha, haziwezi kufanya hivyo. Usafi wa shaba unaotangazwa kwa tarakimu nyingi za tisa, kama asilimia 99.999, hubadilisha ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme kupita) kwa kiasi kidogo mno, ambacho mnunuzi angekipata kwa kuchagua waya mnene kidogo tu. La maana zaidi ni kuhakikisha kwamba waya ni wa shaba kweli, kwa sababu ule wa alumini iliyopakwa shaba una ukinzani wa takriban mara moja na nusu kwa unene uleule.

Dhana: Waya za kushoto na kulia zisipolingana urefu, upande mmoja huchelewa.

Ukweli: Huchelewa, lakini kwa kiasi gani? Umeme husafiri katika waya kwa kasi inayokaribia kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo mita 3 za ziada huchelewesha mawimbi kwa takriban nanosekunde 15, muda ambao sauti hewani haijasogea hata sehemu ya mia moja ya milimita. Sikio lenye uwezo mkubwa hutambua tofauti ya mikrosekunde 10 hivi, ambayo ni mamia ya mara zaidi ya hapo. Kwa upande mwingine, spika zikiwa zimepangwa kwa pembe ya nyuzi 60, msikilizaji akisogeza kichwa sentimita 10 tu upande mmoja huzusha tofauti ya karibu milisekunde 0.3, na mwimbaji huvutwa papo hapo kuelekea spika iliyo karibu. Anayepima waya kwa rula huku kiti chake kikiwa pembeni amekosea mahali pa kuanzia.

Dhana: Basi waya hauna athari yoyote.

Ukweli: Hii nayo si kweli, ingawa wanaoisema hujiona wenye akili kuliko wenzao. Kosa kubwa na la kawaida ni kugeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Spika moja inaposukuma hewa mbele, nyingine huivuta nyuma. Besi hupungua, na mwimbaji wa katikati hutawanyika asijulikane alipo. Kosa la pili ni waya mwembamba mno. Mita 10 za waya wa milimita za mraba 0.2 zina ukinzani wa takriban omu 1.7 kwenda na kurudi, na spika ya omu 8 hupoteza karibu desibeli 1.7 za ukubwa wa sauti, lakini waya wa milimita za mraba 2.5 kwa urefu huohuo hupoteza karibu desibeli 0.15 tu. Upande mmoja ukifungwa waya huo mwembamba na mwingine ukafungwa ule mnene, mwimbaji husogea kuelekea upande wenye nguvu. Isitoshe, ukinzani wa spika hubadilika kulingana na masafa ya sauti, yaani wingi wa mitetemo yake kwa sekunde, kwa hiyo waya mwembamba hubadilisha pia uwiano wa besi na sauti za juu.

Dhana: Nimebadilisha waya, na masikio yangu yamesikia tofauti.

Ukweli: Huenda tofauti ilikuwapo, ila haikutoka kwenye waya mpya. Anayebadilisha waya huisogeza spika, husafisha viungio vilivyoshika kutu, na pengine hurekebisha chanya na hasi zilizokuwa zimegeuzwa bila yeye kujua. Kisha hukaa tena, si lazima pale pale, akiwa anajua amelipa kiasi gani. Katika jaribio lililochapishwa na jarida la Marekani Stereo Review mwaka 1983, wasikilizaji waliutambua waya mwembamba wa geji 24 walipochezewa mvumo wa majaribio, lakini walipochezewa muziki wa kwaya hawakuweza.